Fundo la Pamba Chini ya Kapeti

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilitambaa wiki moja tu, nikachoka, nikasimama. Sasa nina umri wa kuamkiwa shikamoo na mafundi wenye ndevu, na bado nikipewa kiti naweka bisibisi juu yake. Chai nakunywa nikitembea. Kanisani nakaa karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka natoka nje kuangalia kama mvua inakuja, hata kama ni kiangazi. Karakana yangu iko Buzuruga, hatua chache kutoka stendi, na watu wa hapo wamezoea kuniona nikizunguka gari la mteja mara tano kabla sijafungua boneti, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wananitania kwamba siku nikikaa chini waniitie daktari.

Kazi yangu ni umeme wa magari. Ukiniletea gari linalovuja oili nitakuonyesha mafundi wa injini. Mimi naletewa magari yanayougua bila kidonda: taa zinawaka zenyewe, gari linazima katikati ya safari halafu linawaka lenyewe kana kwamba halijafanya kitu. Magari ya siku hizi yana visanduku vidogo vya akili, kila kimoja na kazi yake. Injini ina chake, breki zina chake, usukani una chake. Vyote vinasemezana kupitia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja tangu kiwandani. Sanduku la breki likijua kitu, linakisema kwenye zile waya, na mengine yote yanasikia. Waya hizo zinalala pamoja gari zima, ila shaba zao hazitakiwi kugusana. Zikigusana, inakuwa kikao ambacho watu wote wanaongea kwa mpigo. Hakuna anayesikia, dashibodi inawaka taa zote, gari linazima.

Ukifungua betri na kuzipima waya hizo kwa mita, zikiwa nzima mita inasoma sitini. Nimeitafuta sitini hiyo kwenye magari mengi kiasi kwamba nikiiona kwenye bei ya kitenge nafurahi. Ikishuka hadi sifuri, mahali fulani ndani ya gari waya zimegusana, na kazi ni kupata mahali hapo.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya uzi. Mimi ni Mjita, nimezaliwa kwenye ufuko wa Mara, na baba yangu alikuwa mshona nyavu. Nilijua kufunga fundo la wavu kabla sijajua kuandika herufi. Nyavu za baba zilikuwa za nailoni kama za wenzake wote, lakini maboya aliyafunga kwa uzi wa pamba, na alikuwa na sababu. Nailoni inateleza ikilowa, alisema, ila pamba ikinywa maji hukaza. Nilipokuwa fundi nikaanza kufunga mafungu ya waya kwa uzi huo huo na fundo lile lile, badala ya vile vikanda vya plastiki ambavyo jua la Mwanza huvikausha vikakatika. Mafundi wenzangu walicheka. Mimi niliringa. Ukifungua gari popote mjini ukakuta waya zimefungwa kwa uzi wa pamba, fundo bapa lenye kichwa upande, ujue nimepita hapo. Nililiona kama sahihi yangu.

Wateja ninaotaka kueleza habari zao ni mzee mmoja na mkewe. Wao ni wa zile familia za Kihindi ambazo babu zao walifungua maduka Mwanza kabla babu yangu hajauona mji. Mzee alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, sasa linaendeshwa na mpwa wake. Watoto wao wenyewe wako mbali, kila mmoja na bara lake. Walipozeeka wakahamia Usagara, karibu na njia panda, kwa sababu yule mama alitaka kupanda bamia na mchicha wake mwenyewe. Bustani ilikubali, figo zikagoma. Tangu hapo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mzee anamleta mjini kusafishwa damu kwa mashine. Anakaa pale saa nne nzima, mkono mmoja umenyooshwa, kisha wanarudi Usagara.

Gari lao ni la kijivu, la kawaida, la kutunzwa. Mama hukaa kiti cha nyuma upande wa kushoto ili akichoka ajilaze. Huvua kandambili na kuweka miguu chini, ikiwa na soksi za sufu hata siku ya joto, maana damu yake siku hizi haimpi joto la kutosha.

Jumatatu moja gari lilizima Buhongwa. Taa zote za dashibodi ziliwaka, usukani ukawa mgumu, mzee akalisukumia pembeni kwa msaada wa watu. Walipata teksi, wakawahi. Kesho yake gari likaletwa kwangu likiwa linavutwa. Nilipogeuza ufunguo likawaka hapo hapo. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa, nikapata orodha ndefu ya malalamiko: injini haimsikii breki, breki haimsikii usukani, usukani haumsikii yeyote. Kila sanduku lilikuwa linamshtaki mwenzake, kama ndugu wanaogombana msibani. Nikapima waya mbili. Sitini. Nikatikisa kila kitu kilichotikisika. Sitini. Nikaliendesha hadi Igoma na kurudi kwa mwendo ambao singependa trafiki wausome hapa, na gari halikukohoa.

Nikamuuliza mzee nani alikuwa wa mwisho kuligusa. Akasema miezi michache nyuma aliwekewa redio yenye kioo, ili mama asikilize nyimbo zake za ibada njiani, na kamera ya nyuma, maana shingo yake haigeuki vizuri tena. Aliyefunga ni jirani yangu wa upande wa pili wa barabara.

Jirani huyo ni Msukuma, mtu wa pole, mnene kidogo, anayefanya kazi ya saa moja kwa saa tatu. Nilikuwa nikimtazama akifunga skrubu moja hadi nataka kuvuka barabara nikamalizie mimi. Hatukuwa maadui. Aliniudhi tu kwa utulivu wake, kama saa ya ukutani inavyomuudhi mtu anayesubiri. Kwa hiyo niliposikia ni yeye, sikuwa na haja ya ushahidi mwingine.

"Huo ni mkono usio na adabu na waya," nilisema, na nilisema kwa sauti.

Wateja wawili walikuwepo, na muuza machungwa, na jirani mwenyewe alikuwa ng'ambo anafuta mikono. Aliinua kichwa, akanitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri. Nikaitoa redio nzima, nikaifunga upya, nikamrudishia mzee gari nikiwa nimejaa sifa ambazo nilikuwa nimejipa mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata likazima tena, safari hii Mkolani, mvua ikinyesha. Hakukuwa na teksi iliyosimama kwa muda mrefu. Walipofika hospitali zamu ya mama ilikuwa imepita, na mashine ilikuwa tayari na mgonjwa mwingine ambaye naye anaihitaji vile vile. Wakapewa nafasi kesho yake. Mzee ndiye aliyenisimulia, akiwa amesimama mbele ya karakana na mwavuli. Miguu ya mama ilivimba, akilala anakosa pumzi, ikabidi akae wima kitandani mpaka kulipokucha, na yeye akakaa naye wakihesabu majina ya wajukuu.

Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze, najua namna ya kujibu.

"Fundi," alisema, "mimi sina haraka na gari. Yeye ndiye ana haraka."

Wiki hiyo sikutulia hata kwa kipimo changu. Nililiendesha gari lile kila barabara mbaya ninayoijua. Nililipeleka Usagara, nikalipeleka Kisesa, nikaliacha juani, nikaliwasha likiwa baridi. Nilikuwa nikila nimesimama, mkono mmoja kwenye chapati na mwingine kwenye mita. Siku zote sitini. Likanitii mimi kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nikalirudisha, nikamwambia mzee ukweli kwamba sijaona kitu, na yeye akaanza kukodi teksi ya kumfuata nyuma siku za hospitali, endapo litazima. Jumatatu likazima. Mama akahamia kwenye teksi akiwa na mto wake mkononi.

Siku hiyo mama alinipigia simu mwenyewe. Hakuwa mtu wa simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kwa uchovu wa mashine.

"Binti, hili gari halimkatai mzee. Akiwa peke yake linakwenda hadi Shinyanga. Linanikataa mimi. Na ni Jumatatu tu."

Nilicheka kwa adabu, nikamwambia gari halijui siku. Nilipokata simu nikatembea kuizunguka stendi ya Buzuruga yote, mara mbili, na kwenye mzunguko wa pili nikaacha kucheka. Umeme haujui siku, kweli, lakini watu wanajua. Watu wana mambo yao ya Jumamosi na mambo yao ya Jumapili. Nikampigia mzee, nikamuuliza gari linafanya nini kabla ya Jumatatu.

Akasema Jumapili linapumzika uani. Jumamosi linaoshwa Kirumba, kwa wale waosha magari wa ufukweni. Analipeleka mwenyewe, anakaa juu ya jiwe, anasoma gazeti wakati wanachota maji ziwani. Nikauliza wanaosha nje tu? Hapana, alisema, na ndani, sakafu nzima, kwa ndoo na sabuni. Tangu mama aanze matibabu ameambiwa ajihadhari na uchafu, na yeye amelichukulia neno hilo kwa uzito wote. Anataka sakafu ya gari iwe safi kama sakafu ya chumba cha wagonjwa.

Jumatatu iliyofuata nikapanda gari la kwanza kabisa, nikafika Usagara wakati kuku wanashuka mtini. Mzee alikuwa tayari amevaa koti. Nikamwamkia, nikamwamkia mama aliyekuwa barazani na mto wake, nikafungua betri, nikachomeka mita kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Sitini. Nikabonyeza kapeti la mbele kwa kiganja, likatoa maji. Bado sitini. Nikazunguka gari. Nikazunguka tena. Mzee akaangalia saa yake.

Ndipo nikamwomba mama aingie akae kama anavyokaa siku zote, asibadilishe kitu. Akaingia polepole, akavua kandambili, akaweka mto, akashusha miguu yake yenye soksi juu ya kapeti.

Mita ikashuka hadi sifuri.

"Inua miguu, mama." Akainua. Sitini. "Shusha." Sifuri. Tukafanya hivyo mara nne, na kila mara namba ilimtii. Nilihisi furaha kali ya kazi, ile inayonifanya nivumilie mengine yote, na kwa muda nilisahau kwamba ile ilikuwa miguu ya mtu.

Mama alikuwa anasoma mita kupitia katikati ya viti. Alikuwa ameelewa namba ile inasema nini, maana nilikuwa nimemweleza mzee kwa sauti.

"Kumbe ni mimi," alisema.

Nilimwomba mzee amsaidie kushuka, nikainua kapeti. Chini yake kulikuwa na sifongo iliyolowa chepechepe. Kwanza nikaona waya ya kamera, ile ya jirani yangu. Ilikuwa imepita pembeni kabisa, juu ya ukingo mkavu, imefunikwa kwa mpira, kazi safi ambayo ningejisifu nayo. Pembeni yake, kwenye bonde la sakafu ambako maji hutuama, kulikuwa na uzi wa pamba. Fundo bapa, kichwa upande.

Nililikumbuka lote kwa mara moja. Miaka miwili nyuma, mzee na mkewe wakiwa safarini, panya waliingia kwenye gari hilo, wakatafuna waya za nyuma. Waliporudi waliniletea mimi. Nilizikata zile waya mbili, nikaanza kuziunga, na umeme ukakatika nikiwa na pasi ya kulehemu mkononi. Sikuweza kusubiri. Nikazipota shaba kwa vidole, nikazivisha tepu, nikazibana pamoja kwa uzi wa baba yangu, gari likawaka, likaondoka. Kwa joto la miaka miwili gundi ya tepu ikayeyuka na tepu ikateleza. Shaba mbili zikabaki zinatazamana uchi ndani ya fundo moja. Likiwa kavu, fundo lilikuwa limelegea kidogo, na hazikugusana. Likinywa maji ya Jumamosi likakaza, kama baba alivyoniahidi kwamba litakaza, na uzito wa miguu ya mama ukamalizia.

Nilikata uzi. Nilitenganisha waya, nikazikausha kwa kanga yangu, nikazivisha tepu mpya kila moja peke yake, mbalimbali, kazi ya kuwafikisha mjini tu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza nimeona nini.

"Unyevu," nilisema. "Maji ya kuoshea, na mahali miguu inapokanyagia."

Hapakuwa na uongo katika maneno hayo. Uzi ulikuwa tayari mfukoni mwa ovaroli yangu, umelowa, unanipa ubaridi pajani. Niliwaambia kapeti la ndani lisioshwe tena kwa ndoo, nikasema wanisubiri nirudi nao. Mama akaingia garini. Tuliiwahi saa yake. Mchana nikalichukua gari, nikalehemu viungo vile ipasavyo, nikavivisha mpira, nikavipandisha kwenye ukingo mkavu, pembeni ya waya ya jirani. Umeme haukukatika siku hiyo. Ungekatika, sijui.

Jumatatu iliyofuata gari halikuzima, wala ile ya baada yake. Ningetakiwa kutulia. Badala yake nilikuwa mbaya zaidi. Uzi ule niliutoa mfukoni nikautia kwenye kopo la skrubu, nikautoa kwenye kopo nikautia nyuma ya redio, nikautoa tena. Ningeweza kuutupa mtaroni, ni hatua sita tu. Kila nilipofika mtaroni nilikuta nina jambo la kufanya upande mwingine.

Kisha Alhamisi moja mzee akaja na boksi la ladu za mkewe, zile za unga wa dengu, bado zina uvuguvugu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyelala vizuri. Alisema amewaambia wenye maduka wenzake wote kwamba fundi wa magari yao ni mimi, na kwamba yule wa ng'ambo wamwepuke. Nikaangalia ng'ambo. Jirani alikuwa amekaa juu ya tairi, hana gari hata moja mbele yake. Nikatambua kwamba kwa wiki nzima sikuwa nimeliona gari pale, na mimi ninayeona kila kitu nilikuwa nimechagua kutoliona hilo.

Nikamuuliza mama anaendeleaje. Mzee akafunga mfuniko wa boksi, akaufungua, akaufunga.

"Anaendelea. Ila tangu siku ile anakunja miguu juu ya kiti mpaka tufike. Namwambia fundi ametengeneza. Anasema hapana, asije akaliharibu tena. Akishuka hawezi kusimama, inabidi nimsugue magoti."

Nilimsindikiza mzee hadi kwenye gari lake. Lilipoondoka nikavuka barabara.

Jirani alinikaribisha kama kawaida yake, akasogeza tairi lingine nikalie. Sikukaa. Nikatoa uzi, nikauweka kwenye kiganja chake, nikaanza kueleza, na kwa kuwa naongea haraka nikiona aibu, nadhani nilieleza mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliugeuza uzi kwa kidole.

"Fundo hili nililiona," alisema. "Nilipopitisha waya ya kamera. Tepu ilikuwa imeanza kuteleza."

Nikamuuliza kwa nini hakufungua. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini hakuingia chumbani kwangu. Na kweli, kwetu mafundi wa pale ndivyo ilivyo: kazi yenye alama ya mwenzio huifungui kabla hujamwambia. Tunadanganya wateja, tunaazimana spana bila kurudisha, lakini hilo tunaliheshimu.

"Nilikuja kukuambia," alisema. "Ulikuwa unatembeatembea na simu. Ukaniambia una haraka, nisikufundishe kazi."

Nilikuwa nimesahau. Hapo nikakumbuka hata mkono wangu nilivyoupunga. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile nilipomtukana mbele ya watu, wakati alikuwa na jibu lote mdomoni.

"Mbele ya wateja wako?" aliuliza, na akaonekana kushangaa kweli.

Nililia pale, na nilikasirika kwamba nalia, na alinipa tambara la oili la kufutia machozi kwa sababu hakuwa na lingine. Siku ile ile tulimpigia mzee simu tukiwa wawili, mimi nikiongea. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba apewe jirani, akamwomba msamaha kwa maneno mazuri kuliko yangu. Kwangu alisema jambo moja tu, kwamba kuhusu miguu niende nikamwambie mama mwenyewe.

Nilikwenda Jumapili, baada ya ibada, na ladu zake sikuwa nimezila. Mama alikuwa kwenye kiti cha bustanini, anachambua bamia kwenye ungo. Nilisimama mbele yake, nikatoa uzi, nikasimulia kutoka kwa panya hadi kwa mfuko wa ovaroli. Nilimwambia haikuwa miguu yake. Nilimwambia nilijua hivyo siku ile ile, kabla hajarudi ndani ya gari, na nikanyamaza.

Aliendelea na bamia. Aliniuliza kwa nini sikuzilehemu tangu mwanzo.

"Umeme ulikatika, mama. Sikuweza kusubiri."

"Ulikatika muda gani?"

Nikafikiri. Kama saa moja, nikasema, labda haikufika.

Aliutazama mkono wake wa kushoto, pale ambapo sindano zimeacha vimbe, akaukunjua na kuukunja.

"Mimi nakaa saa nne," alisema. "Mara tatu kwa wiki. Wewe saa moja ilikushinda."

Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa anapima tu, kama ninavyopima mimi. Nilikuwa natafuta pa kuangalia, nikaangalia mchicha. Kisha akauliza nimefunga magari mangapi namna hiyo, viungo vya kupota kwa vidole. Nikasema sijui. Nilikuwa nimefanya hivyo kila umeme ulipokatika, na umeme umekatika mara nyingi. Magari hayo yako barabarani, yanapita Buzuruga kila siku yakiwa na watu ndani.

Akaita ndani iletwe chai, na daftari na kalamu. Akanionyesha kigoda kilichokuwa karibu na ungo.

"Kaa," alisema. "Uyakumbuke moja moja."

Nikakaa. Dakika za kwanza magoti yangu yalikuwa yanarukaruka yenyewe, na mara mbili nilijikuta nimenyanyuka nusu, akanitazama, nikashuka. Nikaandika lori la samaki la mtu wa Mwaloni. Nikaandika gari la mwalimu, la mchungaji, la mwanamke anayeuza vitenge, teksi mbili za stendi. Nikiachwa na kumbukumbu aliendelea na bamia, na gari lingine likaja. Chai ilipoa nikainywa hivyo hivyo. Tulipofika gari la ishirini na tatu kivuli cha nyumba kilikuwa kimehama kutoka kwenye mchicha hadi miguuni petu, na jirani yangu alikuwa amekubali kwa simu kwamba kesho tutaanza na lile lori, yeye na mimi, na kwamba atalehemu yeye.

Mzee akasema atanifikisha Buzuruga, magari ya Jumapili jioni yanasumbua. Mama akasema naye anakwenda, anyooshe mgongo. Nilikaa mbele. Mzee alipogeuza ufunguo nilisikia nyuma yangu kandambili zikivuliwa, moja, halafu nyingine. Nikajizuia kugeuka, lakini kioo cha katikati kilikuwa kimeelekea kwangu. Mama alikaa kidogo na miguu juu ya kiti, amekumbatia magoti. Gari lilipofika njia panda ya Usagara na kuingia lami, aliishusha yote miwili, akaiweka chini, akaikandamiza.

Gari likaendelea kwenda.